Ulikuwa umesimama wapi? Jinsi ya kuchukua historia ya dunia kwa wazee wa Kusini

Nafundisha historia sekondari huku Masasi. Kila nikiwapa wanafunzi kazi ya kwenda kumhoji mzee, wengi wanarudi na hotuba: "Wakoloni walitunyanyasa sana, Mwalimu Nyerere akatukomboa." Mzee hajasema uongo, ila hayo hata kitabu cha shule ya msingi kinayo. Ukienda na swali la "Enzi za ukoloni zilikuwaje?" umemtungia mtihani, naye atakujibu kama mtahiniwa. Wewe unatafuta alichokiona yeye, kwa macho yake, akiwa mahali fulani na kitu fulani mkononi.

Na wazee wa huku wameona. Usifikiri historia ya dunia ilipita Ulaya tu, sisi ikatufikia redioni. Chukua karanga. Vita vya Pili vya Dunia vilipoisha, Waingereza walikuwa bado wanakula kwa mgao na mafuta ya kula yalikuwa haba, hivyo mwaka 1947 serikali yao ikaanzisha mradi mkubwa wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Bandari ya kina kirefu ya Mtwara na reli ya Nachingwea ni watoto wa mradi huo. Yalitengenezwa hata matrekta kutokana na vifaru vya vita. Januari 1951 wakatangaza kwamba umeshindikana, na miaka ya mwanzo ya uhuru reli nayo ikang'olewa. Halafu likaja la Msumbiji. FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, iliundwa Dar es Salaam Juni 1962, ikaanza vita dhidi ya wakoloni wa Kireno Septemba 1964 ng'ambo ya Ruvuma, na kambi yake kubwa ya mafunzo ikawa Nachingwea hiyohiyo. Mama aliyekuwa akiuza uji stesheni, au kijana aliyepakua magunia bandarini, ameishi ndani ya sura nzima ya kitabu bila mtu kumwambia.

Anza na hesabu ya umri. Aliyekuwa na miaka 10 mradi wa karanga ulipoanza alizaliwa 1937. Hao wamebaki wachache, waendee kwanza. Wa vita vya Msumbiji bado wapo, na baadhi yao utawakuta shambani wanapalilia mikorosho kukushinda wewe.

Katika kuchagua mtu, mwenyekiti mstaafu anayesimamishwa kila sherehe mweke mwisho. Simulizi yake imeshapigwa pasi. Tafuta mpishi, mchukuzi, dereva wa lori, fundi cherehani, mkunga. Na tafuta kina bibi. Ukiulizia kijijini "nani anajua historia?" utaelekezwa kwa wanaume watupu. Uliza badala yake "nani alikuwa hapa wakati wakimbizi wa Msumbiji wanaingia?" Utaona majina yanavyobadilika.

Usiende msimu wa korosho. Kuanzia Septemba hadi mnada uishe hakuna mwenye nafasi ya kukaa nawe barazani, na atakayekubali atakuwa anakuonea haya tu. Mwezi wa tano au wa sita ni mzuri. Siku ya kwanza nenda bila kurekodi chochote: piga hodi, amkia, jitambulishe wewe ni wa nani na umetokea wapi, peleka kilo ya sukari, eleza unachotaka na kitakwenda wapi, uage. Mzee akilala na jambo usiku mmoja, kesho yake anakumbuka zaidi. Muombe na mjukuu awepo, hasa kama mzee anaingia kwenye Kimakonde, Kimwera au Kiyao akinogewa. Mwache aingie. Tafsiri utaifanya baadaye. Ukimrudisha kwenye Kiswahili katikati ya habari, anarudi kwenye hotuba.

Kabla hujaenda, andika kwenye karatasi moja kalenda ya matukio. Wazee wengi hawana mwaka wa kuzaliwa, au wana ule waliokadiriwa na karani. Yangu ina kimbunga kilichoipiga Lindi Aprili 1952, Uhuru Desemba 1961, Azimio la Arusha Februari 1967, kuuawa kwa Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, Februari 1969, njaa ya 1974 na ule unga wa njano, kuhamia vijiji vya ujamaa, uhuru wa Msumbiji 25 Juni 1975, vita vya Kagera 1978 na 1979, Nyerere kung'atuka 1985, ndege ya Rais Samora Machel wa Msumbiji kuanguka Oktoba 1986. Humuulizi mtu "ilikuwa mwaka gani?" Unamuuliza "ulikuwa umeshatoka jandoni?" au "mtoto gani alikuwa mgongoni, huyu wa kwanza au wa pili?" Mama hasahau alikuwa amembeba nani.

Sasa maswali, na hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Bibi mmoja wa upande wa Newala aliniambia kwa mkato: "Ndege za Wareno zilikuja, watu wakaogopa." Sentensi ya namna hii usiiandike ukashukuru ukaondoka.

"Bibi, siku hiyo wewe ulikuwa umesimama wapi?"

"Nimesimama wapi tena, naenda maji. Alfajiri."

Anayeijua Newala anajua maana yake: mji uko juu ya tambarare, maji yako bondeni, na njia ya kuteremka inatazama moja kwa moja Ruvuma na Msumbiji.

"Ukasikia nini kwanza?"

"Mngurumo. Nikadhani lori la Mhindi linapanda mlima. Mwenzangu akasema lori gani liko juu ya miti? Nikautupa mtungi."

"Mtungi wa nini?"

"Wa udongo, wa mama. Ukavunjika. Nimerudi nyumbani nalia, mama akanichapa kwa ajili ya mtungi. Ndege akaiuliza baadaye."

Hiyo ndiyo kumbukumbu. Hakuna mtu anayetunga fimbo ya mtungi. Na humo umepata mengi ya kupima: alikuwa msichana wa kutumwa maji, kabla ya kuolewa; chombo ni cha udongo, si ndoo ya plastiki; ndege ilionekana kutokea bondeni. Nilipomuuliza kama alishachezwa unyago, akasema walikuwa wametoka mwaka uleule. Kwa kalenda yangu na umri wa dada yake tukaiweka katikati ya miaka ya 1960. Wareno kushambulia vijiji vya mpakani kumeandikwa vitabuni. Kipigo cha mtungi utakipata kwa bibi huyu peke yake.

Kwa hiyo uliza vya mwili: harufu, sauti, miguuni ulivaa nini, mlikula nini jioni ile, nani alikuletea habari na alikuja kwa miguu au kwa baiskeli. Ukimaliza kuuliza, nyamaza. Kimya cha mzee usikijaze, vijana mna haraka mno.

Kwenye daftari weka herufi pembeni ya kila habari: A kwa aliloliona mwenyewe, S kwa alilosimuliwa, R kwa alilolisikia redioni au alilosoma. Mzee anaweza kukueleza vita vya Mahiwa, pale karibu na Nyangao, Wajerumani na Waingereza walipochinjana Oktoba 1917, ukadhani alikuwepo. Hakuwepo, hesabu inakataa. Alisimuliwa na babu yake aliyebebeshwa mizigo. Ichukue habari hiyo kwa mikono miwili, ila andika S, na andika nani alimsimulia. Hivyohivyo kwa mapinduzi ya wanajeshi Lisbon, huko Ureno kwenyewe, ya 25 Aprili 1974: kuna wazee wanayazungumza kwa uhakika mkubwa, lakini waliyapata redioni. La kumuuliza hapo ni redio ilikuwa ya nani, watu wangapi waliizunguka, na wapiganaji waliokuwa wakipita kijijini walifanya nini habari ilipotangazwa. Hayo sasa ni A.

Wazee wawili wakipingana, usisuluhishe. Andika wote wawili, na kila mmoja alikuwa wapi. Mara nyingi wote wana haki: mmoja alikuwa sokoni, mwingine shambani.

Kuna mahali pa kupita taratibu. Kuhamishiwa vijijini ni mojawapo. Kuna waliobomolewa nyumba na kuacha mikorosho yao nyuma. Mtu akianza kufuta macho, zima simu kabla hajakuomba. Jina lake usiliandike bila ruhusa, na sauti yake usiirushe kwenye status eti kwa sababu imekufurahisha.

Simu yako inatosha kurekodi. Iweke hali ya ndege ili isiite, ilaze juu ya kanga iliyokunjwa badala ya meza tupu, sogea mbali na upepo na kuku. Taja mwanzoni tarehe, kijiji na jina kama umeruhusiwa. Muulize kama ana karatasi za zamani: risiti ya kodi, kadi ya TANU, kitambulisho cha kazi cha bandarini au reli. Zipige picha hapohapo barazani kivulini, mbele na nyuma, usiombe kwenda nazo. Karatasi za watu zimepotelea sana mikononi mwa wasomi.

Jioni hiyohiyo nakili faili kwenye flashi mbili na ulipe jina linaloeleweka, kijiji kwanza halafu tarehe. Flashi moja ni ya familia ya mzee. Mpelekee mjukuu mkononi, mkae, mumchezee mzee sauti yake aisikilize, na daftari liwe wazi, kwa sababu hapo ndipo atakapokukatiza: "Ngoja, hapo sikusema vizuri."