Kuanzisha huduma ya kanisa kwa wenye mimba zisizotarajiwa

Kabla ya kutangaza chochote, kaeni na mchungaji na wazee wa kanisa mkubaliane jambo moja: hakuna binti atakayetengwa kwa taarifa iliyotoka kwenu. Ikisikika kwamba mmoja aliwaamini akina mama akaishia mbele ya baraza, hataingia mwingine. (Aliyempa mimba huwa bado yuko kwaya, sauti ya pili, na hakuna aliyemuuliza kitu.)

Anzeni na akina mama watatu au wanne wanaojua kunyamaza. Mkipata na mkunga, hata mstaafu, ni bora zaidi. Kumbukumbu ziwe kwenye daftari moja la namba bila majina, lifungiwe kabatini. Msimtaje binti kwenye maombi ya jumuiya, hata kwa kusema "dada yetu mmoja mwenye uhitaji"; watu watahesabu vichwa na kumjua kabla ya amina.

Siku ya kwanza mpeni chai, kisha sikilizeni. Maswali matatu yanatosha: mwili unajisikiaje, nani anajua, na leo utalala wapi. Hilo la tatu husahaulika, ilhali wengi hufukuzwa nyumbani jioni ileile mzazi anapogundua. Tafuteni mapema familia mbili za kumpokea mtu kwa siku chache. Mwombeeni akikubali, dakika mbili. Ombi refu linalozunguka dhambi yake ni mahubiri, na yeye analitambua. Mwambieni pia mpaka wa siri: akiwa chini ya miaka 18, au maisha yake yakiwa hatarini, mtalazimika kushirikisha wengine.

Kisha kliniki. Chukueni tarehe hedhi ya mwisho ilipoanza, ongezeni siku 7, rudisheni nyuma miezi 3. Ilianza 10 Mei? Matarajio ya kujifungua ni 17 Februari. Aanze kabla ya wiki 12: atapimwa damu, VVU na kaswende, apewe vidonge vya kuongeza damu, na baadaye SP ya kukinga malaria. Nchini Tanzania baadhi ya kliniki humtaka mwenza hudhurio la kwanza. Asiye naye huambiwa akalete barua ya serikali ya mtaa. Hapo ndipo wengi hukata tamaa wasirudi tena. Barua ichukuliwe siku moja kabla, na mama mmoja amsindikize.

Akitokwa damu, hata mimba ikiwa changa, ni hospitali saa hiyohiyo. Msimhoji amemeza nini. Maswali hayo ni ya daktari, na hofu ya kuhojiwa ndiyo inayowachelewesha wengi. Kichwa kikimuuma sana huku anaona maruerue, uso ukivimba, au mtoto akiacha kucheza, msisubiri asubuhi.

Suala la binti aliye chini ya miaka 18 halimalizwi kwa kikao cha familia. Pigeni simu 116 ya msaada kwa watoto, au nendeni kwa afisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto polisi. Kanisa linalopatanisha kwa ng'ombe linamficha mkosaji. Kama alikuwa mwanafunzi, tangu Novemba 2021 serikali inaruhusu arudi shule baada ya kujifungua. Fuatilieni nafasi yake mapema.

Mimba ikifika mwezi wa saba, andaeni beseni: kanga doti mbili, pamba, sabuni, kofia na nguo za mtoto, pamoja na vifaa ambavyo kituo chenyewe huagiza (ulizeni, vinatofautiana). Nauli ya usiku ikunjwe ndani ya kadi ya kliniki. Vyote vitoke kwenye mfuko wa huduma, si pochi ya mama mmoja, maana akichoka yeye na huduma imekufa.

Huduma nyingi hufia siku ya kujifungua: picha, zawadi, kisha kimya. Mtembeleeni wiki ya kwanza, kisha kila mwezi hadi mtoto afike miezi 6, kipindi cha maziwa ya mama pekee. Cheti cha kuzaliwa kifuatiliwe ndani ya siku 90. Baba akikwepa matunzo, msindikizeni mama ustawi wa jamii. Akienda peke yake na kichanga mgongoni, huambiwa arudi kesho.