Somo: Je, punguzo la rafiki kwenye pasi ya ski linaokoa fedha?

Pasi ya ski ni tiketi ya msimu ya kuteleza kwenye theluji, nayo huja na kuponi za kumpunguzia rafiki bei. Kila Novemba ndugu tunaoishi Colorado huulizana jambo hili, nami nimechoka kulijibu mmoja mmoja.

1. Tambua pasi yako, Epic au Ikon, ambazo ni pasi mbili za vituo vingi vya ski. Kuponi ya Epic ya msimu wa 2025/26 humpunguzia rafiki nusu ya bei ya dirishani, yaani ya tiketi inayonunuliwa kituoni siku ileile. Ya Ikon humpunguzia asilimia 25.

2. Usihesabu punguzo, hesabu kitakachomtoka rafiki mfukoni. Katika siku za msongamano, tiketi ya dirishani ya Vail, kituo cha Epic hapa Colorado, huzidi dola 300, hivyo hata nusu yake inapita dola 150. Tena nusu hiyo ni ya bei ambayo aliyejipanga mapema hailipi kamwe.

3. Linganisha na pasi ya siku moja, ambayo Epic huacha kuiuza mwanzoni mwa Desemba. Rafiki aliyekwisha kuamua kuja aichukue hiyo, kwani kwa kawaida ni nafuu kuliko kuponi yako.

4. Soma tarehe zilizofungwa. Hapa ndipo nilipoteleza kabla hata sijavaa ski. Niliwaalika binamu zangu wawili wikendi ya Sikukuu ya Marais, mwezi Februari, nikiwa na pasi ya daraja la chini, ile ya bei nafuu yenye siku zisizoruhusiwa, bila kujua kwamba siku ambazo pasi hiyo inafungwa kuponi zake nazo hulala. Tulikuwa tumekwisha kukodi viatu, na gari lilikuwa limeendeshwa saa mbili na nusu katika theluji. Nikalipia tiketi tatu kwa bei kamili, yangu ikiwamo. Krismasi na wikendi ya Martin Luther King huwa na mtego uleule. Angalia tarehe kabla ya kualika, si baada ya mgeni kukata tiketi ya ndege.

5. Usinunue pasi kwa ajili ya kuponi.

MASWALI

Baridi_Kali: Kwa hiyo nitumie kuponi au nisitumie?
Jibu: Soma hatua ya 3.

Baridi_Kali: Nimeisoma, lakini sasa ni Januari.
Jibu: Ungetaja mwezi tangu mwanzo. Tumia kuponi; kazi yake hasa ni kumfaa rafiki aliyechelewa kuamua.

Mama Wawili: Shikamoo mwalimu. Mdogo wangu anakuja kutoka Mombasa na hajawahi kugusa theluji. Nimpe kuponi?
Jibu: Marahaba, mama. La, kwa sababu kuponi hulipia lifti za mlima mzima, naye siku ya kwanza atashinda kwenye mteremko wa wanafunzi. Uliza kituoni kifurushi cha wanaoanza, chenye mwalimu, vifaa na lifti za chini kwa bei moja. Ikiwa una Epic, ulizia pia asilimia 20 inayopunguzwa kwenye chakula na vifaa vya kukodi katika vituo vyao.

Mama Wawili: Ahsante. Glavu je?
Jibu: Anunue mitumbani hapa Denver. Za sufu zitalowa kabla ya saa sita mchana.