Usukani wa baiskeli ya lami: jinsi ya kuchagua usioumiza mikono

Kama ukishaendesha saa nzima kidole cha mwisho na cha pete vinaanza kufa ganzi, au mabega yanakaza mpaka shingo inauma, usikimbilie kununua glavu nene. Kwanza angalia siti, maana siti iliyoinama mbele inakusukuma muda wote na uzito wote unaishia viganjani, na kuilaza sawa ni kazi ya spana dakika mbili tu. Siti ikiwa sawa na maumivu bado yapo, hapo sasa njoo kwenye usukani.

Kitu cha kwanza ni upana. Mi naona watu wanahangaika sana na usukani wa kaboni (ule wa nyuzi ngumu nyepesi na wa bei) na majina ya kampuni wakati upana hawajaugusa kabisa. Simama umeegemea ukuta, mikono imelegea, mtu akupapase juu ya bega mpaka apate kile kifupa kigumu pale bega linapoishia, apime kwa futi kamba kutoka kifupa cha kushoto hadi cha kulia, na asizunguke na misuli ya nje maana atakuongezea sentimita ambazo huna. Ukipata sm 40 basi anza na usukani wa 40. Zile za resi zilizopinda kama pembe za kondoo nyingi zinakuja 38, 40, 42 na 44. Ila kuwa makini, kampuni nyingine zinapima katikati ya bomba hadi katikati, nyingine nje hadi nje, kwa hiyo 42 ya huyu inaweza ikawa 40 ya yule, we nenda na futi yako upime pale breki zinapofungwa, sio kule chini kwenye ncha maana sukani nyingi zinatanuka zikishuka.

Mpana kupita kiasi unakutanua mikono na kifua kinabeba upepo wote, mwembamba kupita kiasi unaukosea nguvu ukisimama kupanda mlima.

Halafu kuna urefu wa kwenda mbele, yaani bomba linasogea kiasi gani kutoka pale juu mpaka kwenye breki. Kwa starehe tafuta mm 70 hadi 80. Tofauti ya mm 10 unaweza kuiona ndogo lakini ukishika kwenye breki ni sawasawa na kuongeza mm 10 kwenye stemu, yaani kile kipande kinachoshika usukani na kuuunga na baiskeli, na mgongo utaisikia mapema tu. Kushuka chini nako, yaani kutoka pale juu mpaka kule chini pa kushika, vilevile, mm 120 hadi 125 inatosha kabisa, zile za zamani za 140 na kuendelea wengi hawashiki chini hata siku moja na hapo umeshapoteza faida yenyewe, kwa sababu raha ya usukani wa resi ni kubadilisha mkao, juu, kwenye breki, chini, ili mishipa ya kiganja isibanwe sehemu moja safari nzima.

Usukani mnyoofu ni mzuri kwa safari fupi na barabara zenye magari mengi, unaona mbali na breki ziko mkononi muda wote, lakini mkao ni mmoja. Ukitaka kubaki nao tafuta uliorudi nyuma kidogo kuelekea kwako ili kifundo cha mkono kisipinde, au ongeza pembe ndogo za pembeni. Kuuhamisha kwenda wa resi sio kubadilisha bomba tu, unene pale pa kushika ni mm 22.2 kwa mnyoofu na 23.8 kwa wa resi, breki na gia za zamani haziingii, hivyo piga hesabu ya vyote kabla hujaanza.

Pale stemu inapobana unene nao unatofautiana, kuna mm 25.4, 26.0 na 31.8. Hizo mbili za kwanza kwa macho huwezi kuzitofautisha, pima kwa kalipa, kile kipimo cha taya cha mafundi, na usilazimishe kabisa, usukani ukizunguka ghafla ukiwa kwenye mteremko unaenda chini na meno.

Usukani wa alumini unatosha. Tepu nene ya kuzungushia usukani na tairi pana kidogo lisilojazwa upepo kupita kiasi vitapunguza mtikisiko bila kumaliza pesa. Ukichukua kaboni, kaza kwa kipimo cha nguvu ya kukaza kilichoandikwa kwenye stemu, mara nyingi ni Nm 5 (nyutoni mita), na ukianguka nao vibaya usiuendeshe tena mpaka ukaguliwe.

Ukishafunga, kaza bolti kidogo kidogo kwa zamu, lalia usukani kwa uzito wako uone hauzunguki, ugeuze mpaka mwisho kila upande uone waya hazivutiki. Breki zipandishe mpaka kiganja na mkono viwe mstari mmoja. Tepu usiizungushe bado, endesha siku kadhaa kwanza na alenki (ile spana ya pembe sita) mfukoni, maana breki utazisogeza tu.