Kabla ya binti kuingia bwenini Lubumbashi: mambo ya kuzingatia

Buletini za matokeo zikishatolewa mwanzoni mwa Julai, wazazi wa Kolwezi, Likasi na Kasumbalesa, miji ya kusini mwa Kongo (DRC), huanza kupigiana simu: shule gani ya wasichana Lubumbashi bado ina kitanda? Kisha huuliza minervali, yaani karo, ni kiasi gani, na ni wangapi waliofaulu Mtihani wa Taifa wa kumaliza sekondari mwaka huu. Ni maswali ya haki. Lakini mwanafunzi wa interna, yaani shule ya bweni, hukaa darasani saa sita au saba tu kwa siku. Saa zote zinazobaki, kuanzia kengele ya mwisho ya masomo hadi kengele ya asubuhi, ndizo zinazomlea, na karibu hakuna mzazi anayeziulizia. Mimi ningemwomba kila mama na kila baba aanze na saa hizo.

Kwa hiyo nenda kutembelea shule jioni. Asubuhi kila shule imefagiwa. Omba uonyeshwe bweni wakati wasichana wanajiandaa kulala, uone nani analala karibu nao: ni sista, ni mama mlezi anayelipwa kwa kazi hiyo, au ni mwanafunzi mkubwa aliyekabidhiwa wenzake hamsini? Uliza ufunguo wa mlango unakaa kwa nani usiku. Bweni la wasichana hufungwa kwa sababu ya wezi na wavamizi, na hilo linaeleweka. Ila mlango unaofungwa kwa nje, madirisha yenye nondo pande zote na hakuna mlango wa pili, hapo moto ukizuka hakuna atakayetoka. Wakenya wanalijua hili kwa uchungu. Machi 2001 wavulana 67 waliteketea katika bweni la Kyanguli, Machakos. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na nondo. Septemba 2024 watoto 21 walikufa katika bweni la Hillside Endarasha, Nyeri. Kwetu umeme wa SNEL, shirika la taifa la umeme, hukatika mara kwa mara, na msichana mwenye interogesheni, yaani jaribio la darasani, kesho yake atawasha mshumaa chini ya chandarua ili amalize kusoma. Mnunulie taa ndogo ya sola, mkataze mshumaa kwa maneno makali, na uulize shule ina jenereta au sola kwa ajili ya masomo ya jioni. Shule yenye taa ya kutosha katika chumba cha kusomea haitamsukuma mtoto kusoma kitandani kwa siri.

Baada ya moto, maji. Bomba la REGIDESO, shirika la maji, lisipotoa maji siku tatu, wasichana mia mbili wanaoga na nini? Uliza kama kuna kisima kirefu chenye pampu, na pampu hiyo inaendeshwa na nini umeme ukikosekana. Fungua bomba wewe mwenyewe. Angalia vyoo: je, vina mlango unaofungika kwa ndani, na taa njiani usiku? Kuna mahali pa kutupa taulo za hedhi bila kupita mbele ya watu? Msichana anayeogopa choo cha shule hunywa maji kidogo makusudi, na akiwa katika siku zake hukosa masomo akidai kichwa kinamuuma. Mvua zinapoanza, Novemba hadi Machi, kipindupindu huzuka katika mitaa yetu mara nyingi, kwa hiyo maji ya kunywa lazima yachemshwe au yatiwe dawa, na awepo mtu anayewajibika kwa hilo kila siku.

Chakula kitasemwa vizuri na kila shule siku ya kuandikisha. Uliza hasa juu ya Januari, Februari na Machi. Ndiyo miezi unga wa mahindi unapopanda bei hapa, kwa kuwa mavuno mapya hayajafika na sehemu kubwa ya mahindi yetu hupitia Kasumbalesa kutoka Zambia. Mwaka 2024 Zambia ilipopigwa na ukame, kila jiko la Lubumbashi lililisikia hilo. Interna yenye akili hujaza ghala kabla ya Noeli. Ile isiyojaza huanza kupunguza bukari, yaani ugali, kwenye sahani, kisha samaki, kisha maharage, na wazazi wanakuja kujua wakati wa likizo ya Pasaka mtoto anaporudi amekonda.

Kuhusu afya, kuna jambo moja ambalo familia huficha na lisingepaswa kufichwa. Ikiwa binti ana SS, yaani selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, mwambie mwuguzi wa shule kabla binti hajalala usiku wa kwanza, na umwachie karatasi ya daktari. Najua kwa nini watu wananyamaza, wanaogopa mtoto atatengwa au ataambiwa hataolewa. Lakini baridi ya Juni na Julai hapa Lubumbashi hushuka chini ya digrii 10 usiku, na baridi, kukosa maji ya kunywa na kukimbizwa uwanjani ndivyo vinavyoamsha maumivu yake. Mlezi asiyejua atamwita mvivu. Mwenye pumu au kifafa naye vivyo hivyo. Kwa malaria, mpe chandarua kilichotiwa dawa, na uliza kama zahanati ya shule hupima damu kwanza au hugawa vidonge kwa kukisia. Blanketi mbili zinatosha, sweta ya sare na soksi nzito pia, kwa sababu mitihani ya mwisho wa mwaka huangukia katika baridi hiyohiyo.

Sasa masomo yenyewe. Darasa la saba na la nane ni sehemu ya elimu ya msingi, kisha kuna miaka minne ya umanite, yaani sekondari ya juu, na hapo ndipo mlango unapochaguliwa. Shule kadhaa za wasichana zina pedagojia, biashara, ushonaji au mambo ya jamii tu. Ni njia za heshima, nimewaona walimu wazuri waliotoka humo. Lakini binti anayesema anataka kuwa injinia wa migodi, au daktari, anahitaji sehemu ya sayansi, yenye maabara ambayo wanafunzi wanaingia na kushika vitu, si maabara ya kuonyesha wageni. Umuulize kabla, na usikilize jibu lake. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha politekniki hapahapa mjini; ingesikitisha binti akose nafasi hiyo kwa sababu tu mzazi alichagua shule yenye geti zuri. Kifaransa nacho kitampa shida kama huko alikotoka walimu walifundisha kwa Kiswahili muda mwingi. Mtihani wa Taifa una insha ya Kifaransa, na insha haifundishwi katika mwezi mmoja. Likizo ya Agosti ni ya kusoma kwa sauti nyumbani, kila siku kidogo.

Karatasi: shule ya binafsi iwe na amri ya waziri inayoitambua, ile agrema. Omba kuiona. Shule isiyo nayo inaweza kulazimika kuwaandikisha wanafunzi wa mwisho kwa jina la shule nyingine, na wewe utalijua hilo ukiwa umeshalipa miaka. Elimu ya bure iliyoanza Septemba 2019 ni ya praimari za serikali, darasa la kwanza hadi la sita, haimhusu binti huyu. Taka orodha yote ya malipo kwa maandishi, pamoja na yale ya katikati ya mwaka, na risiti kwa kila senti. Jina, postinomu (jina la kati) na prenomu (jina la ubatizo) yaandikwe sawasawa na kwenye cheti cha kuzaliwa tangu siku ya kwanza. Herufi moja iliyokosewa ikifika hadi kwenye diploma, kuirekebisha ni safari ya ofisi nyingi.

Kwa wanaokaa hapa mjini, je, interna inahitajika kweli? Msichana wa Ruashi au Katuba anayesoma upande wa katikati ya mji hupanda taksibasi mbili asubuhi na mbili jioni, au anarudi giza limeingia nyuma ya manseba, dereva wa pikipiki, asiyemfahamu. Kwake bweni linaweza kuwa usalama. Ila kama mnakaa karibu, na nyumbani kuna meza, taa na mtu wa kumuuliza kazi za nyumbani, kusoma kutwa kunamtosha. Na kazi za nyumba zisimmeze: dada anayeosha vyombo hadi usiku wakati kaka zake wanasoma hatafaulu, hata umlipie shule ghali kiasi gani.

Kilichobaki ni kumwandaa yeye. Ajue kufua nguo zake kwa maji kidogo, kuhesabu siku zake, kutunza pesa ndogo bila kukopesha zote wiki ya kwanza. Ndoo, bidoni (dumu la maji), sanduku lenye kufuli, sabuni, vyote viandikwe jina. Halafu mkae naye, mama au shangazi, mumwambie waziwazi: mtu mzima yeyote akimshika, akimwita peke yake usiku, au akimwahidi pointi kwa kitu kingine, awe mwalimu au mtumishi wa Mungu, aseme, na hatagombezwa. Ajue namba zenu mbili kwa kichwa, maana mabweni mengi hukataza simu. Muulize prefe, yaani mkuu wa shule, mbele ya binti, ni nani anayepokea malalamiko ya aina hiyo na mtoto anaruhusiwaje kupiga simu nyumbani siku ambayo si ya kutembelewa. Akijibu kwamba kwake mambo hayo hayatokei, tafuta shule nyingine. Ukiianza kazi hii Julai, bado una Agosti yote.