Jinsi ya Kumwombea Mtoto Mwenye Ulemavu Nafasi ya Shule Dodoma

Shule hufunguliwa Januari, lakini kwa mtoto mwenye ulemavu maandalizi yaanze Agosti au Septemba. Kinachochukua muda ni upimaji. Mzazi akifika mwezi Januari bila taarifa ya upimaji, mtoto huambiwa asubiri, au huwekwa darasa lolote lenye nafasi hata kama halimfai.

1. Nyaraka

Andaa cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, picha ndogo za mtoto na barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wa mtaa au kijiji. Kama cheti hakipo, anza maombi RITA (wakala wa serikali wa kusajili vizazi) sasa hivi, na kwa wakati huo tumia tangazo la kizazi au kadi ya kliniki. Usisubiri cheti ndipo uende kupima. Toa nakala za kila kitu, za asili zibaki nyumbani.

2. Hospitali

Mtoto apimwe macho na masikio hata kama shida yake inaonekana ni ya miguu au ya kuelewa. Asiyesikia vizuri huonekana mzito wa kuelewa, na kosa hilo humfuata miaka mingi. Masikio yasafishwe nta kwanza, maana nta peke yake huharibu majibu. Mjini kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa na Benjamin Mkapa; kwa macho, hospitali ya Mvumi wilayani Chamwino inajulikana siku nyingi. Omba taarifa iliyoandikwa, yenye jina la daktari, saini na muhuri.

3. Upimaji wa kielimu

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa kudhani karatasi ya daktari inatosha. Daktari anasema mtoto ana nini; mwalimu wa elimu maalumu anasema mtoto anahitaji nini darasani. Nenda idara ya elimu msingi ya halmashauri yako, umwulize Afisa Elimu Maalumu tarehe na mahali pa kupimia.

Siku hiyo mtoto awe amekula na amelala vya kutosha. Chukua miwani, shimesikio (kifaa cha kusaidia kusikia) au kiti mwendo chake. Usimjibie maswali. Na kama nyumbani mnazungumza Kigogo au Kirangi, sema mapema: mtoto asiyeelewa Kiswahili cha mpimaji anaweza kuandikiwa ulemavu wa akili asio nao. Taja pia anavyokula, anavyokwenda chooni na anavyoomba kitu, kwa ukweli, bila kuongeza wala kuficha.

4. Kuchagua shule

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto haki ya kusoma shule ya kawaida pamoja na wenzake. Kwa hiyo anza na shule ya jirani, kisha shule yenye kitengo maalumu, na bweni liwe la mwisho. Mtoto mwenye ualbino, kwa mfano, mara nyingi anahitaji kiti cha mbele mbali na mwanga mkali, maandishi makubwa, kofia na mikono mirefu tu. Asiyeona kabisa anahitaji mwalimu wa breli, na hapo shule ya wasioona ya Buigiri, wilayani Chamwino, ni ya kufikiriwa.

Kagua choo (mlango unapitisha kiti mwendo?), ngazi, na zaidi ya yote njia. Januari ni msimu wa mvua Dodoma. Korongo kavu la Septemba linaweza kufunga njia wiki nzima.

5. Barua ya maombi

Ukurasa mmoja unatosha. Mwandikie mkurugenzi wa halmashauri kupitia kwa mwalimu mkuu, kichwa kiwe wazi: *YAH: MAOMBI YA NAFASI YA DARASA LA AWALI KWA MTOTO MWENYE UONI HAFIFU.* Taja umri, majibu ya upimaji, shule unayoomba na mahitaji mawili matatu. "Anahitaji msaada" haimsaidii mtu. "Anahitaji kukaa mstari wa mbele na kuandikiwa kwa herufi kubwa" inatekelezeka. Peleka nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe.

6. Ukikataliwa

Omba sababu kwa maandishi. Mara nyingi ombi hilo peke yake hubadilisha jibu. Lisipobadilika, panda kwa Afisa Elimu Kata, kisha Afisa Elimu Maalumu, na umhusishe Afisa Ustawi wa Jamii pamoja na kamati ya watu wenye ulemavu ya mtaa au kijiji.

Akipokelewa, mpe mwalimu wa darasa nakala ya taarifa mkononi. Ya ofisini huishia kwenye faili. Rudi baada ya wiki nne uone anakaa wapi na daftari lake lina nini.