Zawadi ya kumshukuru aliyekuandalia bebi shawa

Dada zangu wa Bukavu mnaokaribia kujifungua, zawadi ya wale waliowaandalia bebi shawa inunuliwe kabla ya sherehe. Mtoto akishazaliwa, nani ana nguvu ya kupanda hadi soko la Kadutu?

Kama walioandaa ni watatu, njia rahisi ni kikwembe, yaani kitenge. Pisi moja ina yadi 6, ukiikata unapata vikwembe 3 vya yadi 2, na hakuna atakayesema mwenzake alipendelewa. Ila yadi 2 zinatosha kujifunga tu, hazitoi blauzi na sketi. Aliyebeba mzigo mkubwa, yule aliyepika na kutoa sebule yake, mpe zaidi.

Dukani geuza kitambaa. Kikwembe kizuri cha waksi kina rangi ileile pande zote mbili. Upande wa nyuma ukiwa umefifia, hicho ni cha bei ndogo, hata muuzaji aape vipi. Na usichague rangi unayoipenda wewe. Angalia mama unayempa anavaa nini siku ya Jumapili.

Asiye mtu wa vikwembe mpelekee jibini nzima ya Masisi, maana isipokatwa inavumilia siku za kukosa umeme, au kahawa ya Kivu iliyokwisha kukaangwa.

Pesa ndani ya bahasha? Mimi sizipendi, zinafanana na mshahara. Lakini kama alinunua fanta na makaa kwa pesa yake, mrudishie kando, kimyakimya, na zawadi ibaki zawadi.