Jinsi ya kununua karanga na nafaka za unga wa lishe ukijua zimetoka kwa nani

Nasindika unga wa lishe na siagi ya karanga hapa Moshi, mwaka wa saba huu, na kila Nane Nane tukikutana pale Themi Njiro wenzangu wanaoanza wananiuliza mashine nimenunua wapi, makopo napata wapi, TBS (shirika la viwango) nilipitaje. Karanga unatoa kwa nani, hilo siulizwi. Na ndo lenye kazi yote, maana mashine ikiharibika kuna fundi, lebo ikikosewa utachapisha nyingine, ila karanga mbaya ikishaingia kwenye unga wa mtoto hakuna moto wala chekecheo la kuitoa.

Nianze na kilichonifundisha. Mwaka wangu wa pili nilichukua gunia 14 sokoni kwa dalali, karanga nyekundu safi, bei nzuri, nikakaanga nikasaga nikasambaza madukani huku sampuli iko maabara (kosa la kwanza hilo, kusambaza kabla ya majibu). Majibu yakaja, sumukuvu imezidi kiwango zaidi ya mara tatu. Nikampigia, kaka gunia lipi limetoka wapi? Akanijibu bila kunificha, dada mimi nakusanya kwa watu kama thelathini, huyu debe mbili, yule gunia, tunamwaga kwenye sakafu tunachanganya alafu ndo tunajaza upya. Basi, sikuwa na wa kumuuliza tena. Nikakodi kirikuu, kile kigari kidogo cha mzigo, siku mbili nikazunguka Pasua, Majengo, Kiboriloni mpaka Himo kurudisha kopo moja moja, kuna duka nililipelekea makopo 12 nikakuta yamebaki manne. Yale nane yalishaliwa, na wateja wakubwa wa lile duka ni wamama wenye watoto wadogo.

Kwa ambaye hajui, sumukuvu inatengenezwa na ukungu unaoota kwenye karanga na mahindi yaliyopata ukame yakiwa shambani au yaliyokaa na unyevu baada ya kuvunwa. Huioni kwa macho na huisikii kwa harufu, na kukaanga kunapunguza tu, hakuimalizi. Inaharibu ini. Mwaka 2016 watu wapatao 20 walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye hii kitu, na haya ni maeneo ambayo sisi wa kaskazini tunachukua mzigo kila wiki. Kiwango cha Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo kwa sumukuvu zote zikijumlishwa, na 5 kwa ile ya B1 ambayo ndo kali zaidi.

Sasa namna ya kufanya. Usijaribu kufuatilia kila kitu kwa mpigo, utachoka ndani ya mwezi. Andika vyote unavyoweka kwenye unga alafu weka alama kwenye vile vya hatari, ambavyo kwa wengi wetu ni karanga na mahindi, anza na hivyo. Na kiukweli punguza vitu, hii tabia ya mahindi, karanga, soya, ulezi, mchele, ngano na mtama humohumo ndani ya pakti moja inakufanya uwe na milango saba ya kulinda. Mimi nimebaki na ulezi, soya na karanga kidogo. Ulezi nunua mapema baada ya mavuno, maana Desemba ikikaribia watu wanapanda kuja kula sikukuu, mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, inapikwa kila kona na bei inapanda, alafu angalia mchanga, ule uliopurwa chini kwenye udongo utaujua kwa kutafuna punje chache tu.

Halafu nenda shamba. Simu haitoshi na picha za WhatsApp hazitoshi. Mimi nilianzia kijiji kimoja upande wa Kondoa, nikapitia ofisi ya kijiji nikasaini kitabu cha wageni nikajieleza kwa mtendaji, afisa kilimo ndo akanipeleka kwa kikundi cha wamama. Ukifika salimia kama mtu, shikamoo kwa wakubwa zako, kaa, kunywa uji ukikaribishwa. Usiingie na fomu mkononi. Na usiulize "mnatumia dawa?" maana kila mtu atakwambia hapana, we uliza mwaka huu wadudu mliwafanyaje, mvua ilikatika lini, mlivuna mkaanikia wapi, hapo mazungumzo yatafunguka yenyewe na utaonyeshwa mpaka chupa ya dawa ilipo. Kama dawa huijui piga picha lebo uwaulize TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, makao yao makuu yako hapo Arusha.

Macho yako yawe kwenye vitu vitatu: karanga zimeanikwa kwenye turubai au kwenye udongo, magunia yamekaa kwenye chaga au sakafuni, na zinapukuchuliwaje. Hili la kupukuchua watu wengi hawalijui. Kuna sehemu karanga zinaloweshwa maji kwanza ili maganda yalainike, punje zisikatike na kazi iende haraka, na gunia linakuwa zito zaidi kwa huyohuyo anayeuza. Hayo maji ndo yanaamsha ukungu. Toka nilipoliona kwa macho yangu nanunua karanga na maganda yake, nauli inapanda ndio, ila napukuchua kavu kwa mashine ndogo ya mkono na maganda yanakuwa moto wa kukaangia, kuni sinunui tena kama zamani. Ukikaa hapa chini ya mlima unajua kuni zikitafutwa zinatafutwa wapi, ni msituni.

Kupima ukavu huhitaji mashine ya bei. Karanga yenye ganda itikise sikioni, ikikauka punje inagonga ndani, ukiimenya na kuisugua ngozi inachubuka yenyewe. Mahindi tumia chupa ya soda ya kioo iliyokauka kabisa, weka mahindi mpaka theluthi, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika moja, acha ikae robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa hayo mahindi mabichi, usinunue, mwambie mwenye nayo aanike tena utarudi. Isipoganda ujue yako chini ya kama asilimia 15, huenda bado hayajafika 13.5 inayotakiwa kwa kuhifadhi, kwaiyo jua lingine moja mbili halidhuru. Fanya mbele ya mkulima na chumvi yake mwenyewe. Kuna bibi nilimfanyia hivyo akaninyang'anya chupa akaenda kupima gunia zake zote, tena kwa ukali kuliko mimi.

Yakishakauka, mifuko ya PICS, ile ya matabaka matatu isiyopitisha hewa, inakuondolea habari ya kuweka dawa ghalani, wadudu wanakosa hewa wanakufa. Ila usiweke mzigo mbichi humo, utaozea ndani.

Bei. Hapa ndo naomba tusikie vizuri kwa sababu mengine yote yanasimama hapa. Mkulima hawezi kuanika siku za ziada kwenye turubai, achambue, atunze kwenye chaga, alafu umlipe sawa na aliyeloweka maji. Hatafanya, na mimi singefanya. Mimi naangalia bei ya soko la wilaya siku hiyo, naweka nyongeza kwa kila kilo iliyokauka vizuri, na tunaandika kwenye karatasi kabla ya msimu kwamba nyongeza ni kiasi gani, bei yenyewe tunaiacha wazi mpaka siku ya kupima. Malipo ya awali natoa kidogo, hasa Januari wakati wa ada na sare, bila kufunga bei. Mtu akibanwa na ada atauza zao likiwa bado shambani kwa bei ya kutupa, na aliyenunua hivyo atataka mzigo utoke haraka, mbichi.

Lumbesa usiiguse. Gunia linalovimba juu kama lina mimba ni wizi hata kama soko zima linafanya, sheria inasema gunia lisizidi kilo 100. Nenda na mzani wenye stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huu, mwache mkulima asome namba mwenyewe kwa sauti, lipa kwa simu palepale kabla gari halijaondoka. Ushuru wa mazao lipa na stakabadhi tunza, ni ushahidi wako wa maandishi kwamba mzigo umetoka wilaya fulani.

Watoto nao tusipite juu juu. Kupukuchua karanga jioni na mama ni maisha ya kijijini, wengi wetu tumekua hivyo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, na mtoto kukosa shule kwa ajili ya mzigo wangu sikubali. Njia yangu ni kwenda katikati ya wiki saa nne asubuhi, nikimkuta wa darasa la tatu amekaa kwenye karanga nauliza kwa upole, na mara nyingi sababu ni kwamba mimi mwenyewe nimeomba mzigo kwa haraka. Siku hizi nasema tarehe mapema.

Ukifika kiwandani, kuchambua. Meza ndefu karibu na dirisha, mwanga wa kutosha, toa zilizosinyaa, zilizovunjika, zilizobadilika rangi, zenye ukungu. Sumukuvu nyingi inajikusanya kwenye hizo chache. Wachambuaji walipe kwa siku na sio kwa kilo, maana wa kwa kilo atakimbizana na kilo na mbaya zitapita. Alafu mabaki hayo, jamani, usiwauzie wafugaji! Najua wapo wanaokuja na ndoo kuomba. Ng'ombe akila sumukuvu inatoka kwenye maziwa, na hapa kwetu ng'ombe wa ndani yuko kila kihamba (shamba la nyumbani), maziwa yake anapewa mtoto yuleyule uliyemlinda asile karanga mbaya. Kuku pia hapana. Mimi nachimba shimo nafukia.

Sampuli ya maabara isitoke juu ya gunia moja. Karanga moja inaweza kubeba sumu ya gunia na jirani yake ikawa safi kabisa, kwaiyo chota kidogo kidogo kila gunia, juu, katikati, chini, changanya, saga zote pamoja, kwenye huo uliosagwa ndo utoe cha kupeleka. Na usubiri majibu.

Daftari sasa. Sina programu yoyote, nina kaunta buku. Kila mkulima ana namba, kila gunia linaandikwa kwa maka namba ya mkulima na tarehe, na siku ya kukaanga naandika gunia zipi zimeingia kwenye chungu kipi, chungu kinapata namba yake na hiyo ndo inagongwa chini ya kopo karibu na tarehe ya kuisha. Na kopo moja la kila chungu linabaki kabatini mpaka tarehe yake ipite. Ukiona ni kazi nyingi waangalie wenzetu wa kahawa, Umoja wa Ulaya umepitisha sheria 2023 kwamba kahawa inayoingia kwao ijulikane mpaka shamba kwenye ramani, na lisiwe limekatwa msitu baada ya 31 Desemba 2020. Sisi tunauza Moshi na Arusha tu, hatujaombwa, ila mtoto wa Njoro hapa Moshi ana haki hiyohiyo.

Kwenye lebo andika unachoweza kuonyesha. Neno hai au oganiki usiliweke kwa sababu tu mkulima wako hakuwa na hela ya mbolea, kuna alama ya Kilimohai na ina utaratibu wake wa ukaguzi, hata vikundi vidogo vinaweza kukaguana vyenyewe chini ya utaratibu huo. Mimi naandika jina la wilaya na namba ya chungu, basi.

Msimu uliopita majibu ya chungu kimoja yalirudi na sumukuvu mikrogramu 14, wakati mwisho ni 10. Nikafungua daftari, gunia nne, kaya mbili, haikufika nusu saa. Nilipokwenda, kaya ya kwanza mambo yako sawa. Ya pili mzee akanifungulia stoo, bati lina tundu kona ya mashariki na magunia yalipangwa palepale, chini kabisa, bila chaga. Alisikitika kuliko mimi. Chungu kile hakikuwa kimetoka, tukakifukia, hasara tukagawana nusu kwa nusu, na kabla sijaondoka kijana wake alishapanda juu na kipande cha bati.